MCHORO NAO NI ELIMU: NASAHA KWA MWANAFUNZI ANAYEPENDA KUCHORA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyemneemesha mwanaadamu kwa akili na kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila mwaka tunapoliandaa jarida hili hupatikana makala, mashairi na mawaidha kwa wingi, lakini kitu kimoja hupungua, nacho ni michoro. Si kwamba wachoraji hawapo. Wapo wanafunzi wenye mikono mizuri sana, ila wengi wao huchora kwa kujificha, nyuma ya daftari la hisabati, kwa sababu wameambiwa kuwa kuchora ni upuuzi, au kwamba kuchora kwa namna yoyote ile ni haramu. Wengine wamekwisha kuacha kabisa. Kwa upande wa pili wapo wanaochora kila kinachowajia mkononi bila ya kuujua mpaka wa dini yao. Makundi yote mawili yamekosa jambo moja, nalo ni elimu.

Katika makala haya tutaeleza, kwa uwezo wake Mola, nafasi ya mchoro katika kufundisha, mpaka wake kisheria, kazi za Waislamu waliotutangulia, kisha njia ya mwanafunzi kujifunza hatua kwa hatua mpaka kazi yake ifae kuchapwa.

MTUME (S.A.W.) ALIFUNDISHA KWA MCHORO

Huenda baadhi yetu hatulifahamu jambo hili. Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alichora umbo la mraba, akachora msitari katikati yake uliotoka nje ya mraba, kisha akachora misitari midogo midogo ikielekea ule wa katikati. Akawafahamisha Masahaba kuwa wa katikati ni mwanaadamu, mraba uliomzunguka ni ajali yake, sehemu iliyotoka nje ni matumaini yake, na ile misitari midogo ni misukosuko ya dunia: mmoja ukimkosa, mwingine humpata.

Tena imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Sahaba huyo huyo kwamba Mtume (S.A.W.) alichora msitari ulionyooka akasema kuwa hiyo ni njia ya Mwenyezi Mungu, kisha akachora misitari mingine kuliani na kushotoni kwake, akaeleza kuwa katika kila njia ya hizo yupo shetani anayeita watu.

Tazama, ndugu yangu, misitari michache tu, lakini maana yake imebaki katika vifua vya watu kwa zaidi ya miaka 1400. Basi mchoro mzuri si ule wenye rangi nyingi. Mchoro mzuri ni ule unaomfahamisha mtazamaji jambo ambalo maneno matupu yangelieleza kwa taabu. Hii ndiyo kazi ya mchoraji wa kitabu au wa jarida.

MPAKA WA SHERIA

Hadithi sahihi zimekuja na makemeo makali juu ya wenye kutengeneza picha za viumbe wenye roho. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa maisha yake yanategemea kutengeneza picha hizo. Ibn Abbas akamsomea hadithi ya makemeo, na alipomwona yule mtu amebadilika rangi kwa hofu, akamwelekeza kwamba kama hana budi ila kuchora, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho. Zingatia hapa: hakumvunja mkono, bali alimwonesha mlango ulio wazi.

Na mlango huo ni mpana mno. Ndani yake imo miti na maua, bahari na majabali, nyumba na misikiti, vyombo vya nyumbani, majahazi, ramani, nyota, michoro ya hisabati, nakshi za kila aina na khati. Mtu anaweza kuchora umri wake wote asivimalize.

Wanavyuoni wamekubaliana juu ya uharamu wa masanamu ya kuabudiwa, na wamekhitalifiana katika baadhi ya mambo mengine, kama vile picha za kamera na picha za kufundishia watoto. Mwanafunzi wa skuli anapotakiwa katika somo la bayolojia achore moyo, jicho au panzi, wapo wanavyuoni wengi wa zama zetu walioliruhusu hilo kwa haja ya elimu. Mwenye shaka na amwulize ustadhi wake, wala asijitolee fatwa mwenyewe wala asichukue fatwa ya barazani. Ama kuwachora Mitume (A.S.), hilo halina nafasi kabisa kwetu.

Sisi katika jarida hili tumechagua njia iliyo salama: tunapokea michoro ya vitu visivyo na roho tu. Kwa hiyo yote tutakayoyaeleza hapa chini yamo ndani ya mpaka huo.

WALIOTUTANGULIA

Asidhani mtu kwamba uchoraji wa kielimu ni kitu tulichoazima. Waislamu wa kale waliandika vitabu vikubwa, na katika vingi vyao mchoro ulikuwa ni sehemu ya elimu yenyewe. Tutaje wachache tu.

Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu chenye sehemu 30. Katika sehemu ya upasuaji alichora vyombo vya kazi yake vipatavyo 200, ili mhunzi na tabibu wa mji mwingine waweze kuvitengeneza na kuvitumia bila ya kumwona yeye.

Al-Idrisi, mzaliwa wa Ceuta, alimaliza mwaka 1154 huko Palermo, katika kisiwa cha Sicily, kitabu cha jiografia chenye ramani 70 za sehemu za ulimwengu. Mtu anayezitazama leo hushangaa kidogo, kwani kusini ndiko kuliko juu. Na ndani ya kitabu hicho imo pwani ya Zanji, yaani pwani yetu hii.

Al-Jazari alimaliza mwaka 1206 kitabu kinachoeleza mitambo 50: saa za maji, mashine za kuvutia maji na vyombo vya kutawadhia vinavyojiendesha. Kila mtambo aliufanyia mchoro na kuutia herufi kwenye sehemu zake, kisha akaeleza kazi ya kila herufi. Utaratibu huo ndio unaotumika katika vitabu vyetu vya fizikia mpaka hivi leo.

Katika khati tunamkuta Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Yeye aliweka kipimo cha kila herufi kwa nukta ya kalamu, hata uzuri wa herufi ukawa ni jambo la kufundishika, si la kubahatisha. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab. Msahafu alioandika Baghdad mwaka 391 Hijria, sawa na 1000 hadi 1001 Miladia, upo hadi sasa mjini Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty.

Na katika nakshi za maumbo, Istanbul katika jumba la Topkapi umehifadhiwa mkunjo mmoja wa karatasi wenye urefu wa karibu mita 30, ndani yake mna michoro 114 ya mafundi wa majengo. Hizo nyota na pembe tunazoziona kwenye kuta na makuba zilianza kwanza kwenye karatasi, kwa rula na bikari kama zile zilizomo kwenye mkebe wako wa hisabati.

HAZINA YA PWANI YETU

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yamo maandishi ya khati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa nakshi. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imejaa maua, nyororo na maandishi.

Tazama pia ndani ya nyumba yako. Kanga ya mama ina pindo lizungukalo pande zote, ina mji katikati, na ina jina lake chini. Huo ni mpangilio kamili wa ukurasa: ukingo, picha na maneno. Tazama mkeka wa ukili, jinsi rangi zinavyopokezana kwa hesabu. Tazama kofia ya viua, na tazama hina mikononi mwa bibi harusi. Hizi zote ni elimu za mchoro, na walimu wake wengi ni mama zetu na bibi zetu ambao hawakuwahi kuitwa wachoraji.

Tunasema haya kwa uchungu, kwa kuwa milango ya zamani inaoza na inauzwa, na vyeti vya harusi na mapambo ya Maulidi sasa vinatolewa tayari kutoka kwenye kompyuta, vyote vya sura moja. Ikiwa vijana wetu hawatakaa mbele ya milango hiyo na daftari mkononi, wakaihesabu nakshi yake na kuinakili, basi baada ya miaka michache hatutakuwa na wa kumwuliza.

VIFAA

Usingojee mpaka upate vifaa vya bei. Vinavyotosha kuanzia ni hivi:

1. Penseli mbili: HB ya kupangia misitari, na 2B au 4B ya kutilia kivuli.
2. Ufutio laini na kichongeo.
3. Rula ya sentimita 30 na bikari inayokaza vizuri. Bikari inayolegea itakuharibia kazi yote.
4. Daftari moja lisilo na misitari. Ukikosa, shona karatasi zilizotumika upande mmoja.
5. Kalamu nyeusi ya wino kwa kazi ya mwisho.
6. Kwa khati, mwanzi mwembamba uliokauka, uliochongwa ncha bapa na kukatwa kwa mshazari.

HATUA YA KWANZA: KUFUNDISHA JICHO

Kosa la wanaoanza ni kuchora wanachokijua badala ya wanachokiona. Mwambie mtoto achore kikombe kilichopo mbele yake, atachora mdomo wake duara kamili, kwa sababu anajua kuwa mdomo wa kikombe ni duara. Lakini jicho lililo pembeni halioni duara, bali huona umbo la yai lililolala. Kadiri unavyoliinamisha jicho kukaribia usawa wa mdomo wa kikombe, ndivyo umbo hilo linavyozidi kuwa jembamba, mpaka linakuwa msitari.

Chukua basi birika, chetezo, kinu, au kiweko cha msahafu. Kiweke karibu na dirisha. Kitazame dakika mbili kabla ya kugusa karatasi. Jiulize: urefu wake ni mara ngapi ya upana wake? Pima kwa kunyoosha mkono na kuishika penseli wima huku umefumba jicho moja. Chora kwanza umbo la jumla kwa misitari hafifu, kisha sehemu kubwa, na mwisho kabisa madoido. Anayeanza na madoido ya mkono wa birika humaliza karatasi kabla ya kufika kwenye mdomo wake.

Ama kivuli, kumbuka alichokieleza Ibn al-Haytham zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Basi kabla ya kutia kivuli tafuta mwanga unatoka wapi. Upande unaoelekea dirisha uache mweupe, upande wa pili uutie kivuli polepole, na usisahau kivuli kinacholala chini ya kitu. Bila ya hicho, birika lako litakuwa linaelea hewani.

HATUA YA PILI: RULA NA BIKARI

Tufanye zoezi moja, nalo ni nyota ya pembe nane, mama wa nakshi nyingi.

1. Chora msitari wa kulala na wa wima ukatane nao kwa pembe mraba. Pale pinapokatana ni kitovu.
2. Tia bikari kwenye kitovu, ifungue sentimita 6, chora duara. Duara litaikata misitari yako katika nukta nne.
3. Bila ya kubadilisha bikari, itie kwenye nukta ya juu uchore tao nje ya duara upande wa kulia. Itie kwenye nukta ya kulia uchore tao jengine likutane na la kwanza. Kutoka makutano hayo piga msitari upite kwenye kitovu mpaka upande wa pili wa duara.
4. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Sasa duara lako lina nukta nane zilizo sawa.
5. Unganisha nukta nne za mwanzo upate mraba uliosimama kwa pembe yake. Unganisha nne za pili upate mraba uliokaa.
6. Kaza ukingo wa nje wa miraba yote miwili, kisha futa misitari ya ndani. Nyota imetoka.

Ukishaiweza, ichore ndogo, duara la sentimita 2, na uzipange nyota kwenye safu za kulala na za wima, vitovu vikiwa mbali sentimita 4, ncha ziguse. Utaona kati ya kila nyota nne limejitokeza umbo la makutano ya njia lenye ncha nne, ambalo hukulichora. Hapo ndipo mafundi wa kale walipopendezwa: nafasi iliyobaki nayo ina umbo na ina haki yake.

Zoezi jengine ni rahisi zaidi. Chora duara, kisha bila ya kubadilisha bikari tembea nayo juu ya mzingo wake. Itazunguka hatua sita kamili na kurudi ulipoanzia, na hapo una umbo la pembe sita na ua la majani sita. Tahadhari na uzembe wa nusu milimita. Katika nyota moja hauonekani, lakini katika nyota ya kumi safu nzima imepinda.

HATUA YA TATU: KHATI

Shika kalamu ya mwanzi na ikandamize kidogo ili itoe nukta ya pembe nne. Nukta hiyo ndiyo rula yako. Walimu wengi wa khati hufundisha kwamba alifu ya naskhi ni nukta 5 kwenda juu, na ya thuluthi ni nukta 7. Ukibadilisha upana wa kalamu, nukta hubadilika na herufi yote hubadilika pamoja nayo, kwa hiyo uwiano haupotei. Usirukie kuandika aya nzima. Kaa na alifu wiki moja, baa wiki moja, kisha nuni. Asiyekaa na mwalimu na atafute mwalimu, kwani khati ni elimu ya kupokewa mkono kwa mkono.

HATUA YA NNE: MICHORO YA MASOMO

Mchoraji mzuri hufaidika pia darasani. Katika bayolojia mwalimu hataki kivuli wala mapambo. Anataka penseli iliyochongwa, misitari safi isiyorudiwarudiwa, uwiano wa sehemu, na misitari ya majina isiyokatana. Chora ua la mwarobaini au jani la mpapai kwa utaratibu huo na utaona tofauti ya alama zako.

Katika jiografia, ramani isiyokuwa na jina, kaskazini, kipimio, ufunguo na fremu bado haijakamilika. Zoezi tunalolipenda ni kupima madrasa au msikiti wa mtaani kwa hatua za miguu, kisha kuuchora kwa kipimio cha sentimita 1 kwa mita 1. Atakayefanya hivyo Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, akaweka mshale wa kaskazini kwa dira, atagundua kitu: ukuta wa kibla unaelekea karibu sawasawa na kaskazini. Sababu ni kwamba Makka imo karibu katika longitudo moja na miji yetu hii, yaani kiasi cha nyuzi 39 mashariki. Wengi wameswali humo miaka na miaka bila ya kulijua hilo. Mchoro umewafahamisha.

HATUA YA TANO: KUCHORA KWA AJILI YA KUCHAPWA

Mwanafunzi anayetaka kazi yake itoke katika jarida na azingatie haya:

1. Isome makala yote kwanza, kisha jiulize ni jambo gani msomaji hatalifahamu kwa maneno. Lichore hilo. Makala ya udhu haihitaji maua pembeni, inahitaji birika na mpangilio wa hatua.
2. Fanya vijichoro vitatu vidogo, ukubwa wa kiberiti, kwa mawazo matatu tofauti. Mwoneshe mhariri achague kabla hujapoteza karatasi.
3. Chora kubwa kuliko itakavyochapwa. Kazi ya A4 ikipunguzwa kwa mashine kuwa asilimia 71 inaingia katika A5, na kasoro ndogo hupungua pamoja nayo.
4. Malizia kwa wino mweusi. Penseli hafifu hufifia kwenye fotokopi, na misitari myembamba mno hukatika.
5. Acha sentimita 2 tupu pande zote, usikunje karatasi, na andika jina lako na darasa lako nyuma kwa penseli.

SIMU NA KOMPYUTA

Tusiwe watu wa kuvikataa vyombo. Programu za kuchorea ni msaada mkubwa, hasa katika kurudia nakshi na kupanga ukurasa. Siku hizi zipo hata programu zinazotoa picha kwa kuamrishwa tu. Lakini tunatahadharisha jambo moja zito. Programu za namna hiyo zimekuwa zikitoa maandishi yanayofanana na Kiarabu wala si Kiarabu, herufi zimezidi au zimepungua. Na baadhi ya programu za kupangia kurasa, zisipotengenezwa kwa khati ya Kiarabu, huzitenganisha herufi na kuzigeuza zisomwe kutoka kushoto. Mwenye jicho lisilozoea ataibandika aya hiyo kwenye kadi ya harusi au ukuta wa msikiti, na maneno ya Mwenyezi Mungu yamekwisha kubadilishwa.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: hakuna aya wala hadithi itakayochapwa kabla haijalinganishwa herufi kwa herufi na msahafu au kitabu chake, na kupitiwa na ustadhi. Mkono uliojifunza khati ndio unaomlinda mwenyewe na makosa ya mashine. Asiyejua kuandika alifu hawezi kujua kuwa alifu imekosekana.

ADABU ZA MCHORAJI

1. Nia. Achore kwa kufundisha na kupendezesha mema, si kwa kujionesha.
2. Asichore juu ya msahafu, juzuu, dawati wala ukuta wa watu. Hiyo ni mali ya wakfu au ya mwenyewe.
3. Asitumie mchoro kumkejeli mwenzake. Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana, na kejeli ya kalamu hudumu kuliko ya ulimi.
4. Asinakili kazi ya mtu akaitia jina lake. Kunakili kwa kujifunza ni jambo zuri, lakini aandike kuwa amenakili na amenakili kwa nani.
5. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu isitupwe jalalani wala isifungiwe maandazi.
6. Kalamu iwekwe chini adhana inaposikika.

RATIBA NDOGO

Imekuja katika hadithi kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Basi dakika 20 kila siku baada ya Alasiri ni bora kuliko saa nne za siku moja kila mwezi. Jumamosi na Jumapili chora chombo cha nyumbani. Jumatatu na Jumanne fanya nakshi ya bikari. Jumatano fanya khati. Alkhamisi toka nje uchore mti, mlango au jahazi. Ijumaa pumzika, ila fungua daftari ulitazame la mwanzo na la mwisho. Andika tarehe kwenye kila ukurasa, na usichane hata ule mbaya, kwani huo ndio utakaokuonesha baada ya miezi mitatu kwamba umepiga hatua. Wengi husema sina kipaji. Mara nyingi walichokosa si kipaji, ni daftari lenye tarehe.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu watukufu, mtoto anayechora hana maradhi. Badala ya kumchania karatasi, mwulize anachora nini na mwoneshe mpaka wake kwa upole. Msimamie asipitwe na hifdhi yake wala kazi zake za skuli, kisha mnunulieni bikari. Mkono huo huo ndio wa msanifu wa majengo, mpima ardhi, mchora ramani, mchonga milango, mbunifu wa kanga na mtengenezaji wa vitabu vya watoto. Na umma wetu una haja kubwa ya vitabu vya watoto vya Kiswahili vyenye michoro mizuri inayochunga dini. Vingi tulivyonavyo vimechorwa na watu wasioijua nyumba yetu wala msikiti wetu.

Tunawakaribisha wanafunzi wote, wa kike na wa kiume, walete michoro yao kwa walimu wa madarasa yao kwa ajili ya toleo lijalo. Aanze mwenye nyota ya pembe nane.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aitakase nia yetu, aitie baraka mikono ya watoto wetu, na aijaalie kila kalamu wanayoishika iwe ni hoja yao wala si hoja juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.